Nimerudi Melaque, kuta zimetoa chumvi tena: ni bahari, ni ardhi, au ni kufunga nyumba miezi saba?

#1 Mkaa Melaque

Salaam wakuu. Niko Melaque, pwani ya jimbo la Jalisco, Meksiko. Mimi na mama watoto ni wakazi wa Ontario. Tangu tustaafu tunakuja hapa kila Novemba na kuondoka katikati ya Aprili, kwa sababu bima ya afya ya Ontario inamtaka mtu awe ndani ya jimbo angalau siku 153 katika kila miezi 12, nasi hatupendi kuishi na hesabu zinazobana. Wiki iliyopita tulishuka Puerto Vallarta, tukapanda basi la barabara kuu namba 200 kwenda kusini, tukafungua mlango saa nne usiku.

Mengine tuliyatarajia. Umeme ulikuwa umekatwa kwa bili ndogo ambayo karatasi yake bila shaka ilichukuliwa na upepo, jokofu lilinuka ingawa tuliliacha wazi, na magodoro tuliyoyafunga vizuri kwa nailoni yamefanya ukungu ndani ya hiyo hiyo nailoni. Kinachoniumiza ni ukuta wa sebule. Kuanzia sakafuni hadi kiunoni umetoa unga mweupe, rangi imevimba, na ukiigusa inadondoka pamoja na lipu. Wenyeji wanaliita tatizo hili salitre. Mwezi wa Aprili, kabla hatujaondoka, nilipaka rangi ya kuzuia maji, ile ya bei kali, na sasa unga umepanda hadi juu ya swichi ya taa.

Dai langu ni hili: nyumba haiharibiwi na mvua, inaharibiwa na kufungwa. Nyumba ya jirani ilijengwa na fundi huyo huyo, mwaka ule ule, inakaliwa mwaka mzima, na haina hata doa. Nipingeni.

#2 Fundi wa Kisauni

Ninakupinga. Nimepiga plasta Mombasa miaka kumi na tisa kabla sijahama, na unga huo ninaujua kwa ladha. Uonje kwa ncha ya ulimi: ukiwa wa chumvi ya mezani, fundi wako alichanganya saruji na mchanga wa ufukweni, ambao haukuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi hiyo imo ndani ya ukuta tangu siku ya kwanza na haihitaji bahari wala mvua nyingine. Mchanga wa mto unanunuliwa na kusafirishwa, ule wa ufukweni uko mlangoni, na fundi ni binadamu. Angalia pia nguzo za zege: ukiona nyufa zinazofuata mstari wa nondo pamoja na doa la kutu, basi tatizo lako ni kubwa kuliko rangi.

#3 Mama Theluji

Mimi nipo upande wa mwenye uzi. Tuna nyumba ndogo Bucerías, kule Nayarit, na tunaishi Minnesota. Miaka minne ya kwanza tuliifunga kama benki na kila tuliporudi tulikuta kuta zinalia. Mwaka wa tano tulimwomba mama anayetuangalizia nyumba afungue madirisha mara mbili kwa wiki, milango ya makabati iachwe wazi na feni ya dari izungushwe saa chache. Ukungu ulipungua sana. Unga wa ukutani haukuisha, lakini hautishi tena.

Kuhusu magodoro, pole, ila nailoni ndiyo iliyoyaua. Yasimamishwe wima, mbali na ukuta, yafunikwe shuka la pamba tu.

#4 Mpima Udongo

Mama Theluji na mwenye uzi wanachanganya mambo mawili. Ukungu ni kiumbe hai. Unapenda hewa iliyotulia na yenye unyevu, kwa hiyo madirisha yanausaidia kweli kuondoka. Unga mweupe ni chumvi. Maji yaliyomo ardhini huingia kwenye msingi na kupanda ndani ya matofali kupitia vitundu vyembamba, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, yakibeba chumvi iliyoyeyuka. Yakifika mahali yanapoweza kukauka, maji huenda hewani na chumvi hubaki ikaganda kuwa fuwele, ambazo zinapokua huisukuma lipu kutoka ndani hadi ipasuke. Ndiyo maana unga unakomea kiunoni: hapo ndipo nguvu ya kupanda inapolingana na kasi ya kukauka.

Sasa ukiuziba ukuta kwa rangi isiyopitisha hewa, maji hayana pa kutokea chini, basi yanapanda zaidi kutafuta njia. Rangi yako ya bei kali ndiyo iliyoipeleka chumvi kwenye swichi. Melaque imekaa kati ya bahari na ziwa la pwani la El Tule. Ukichimba shimo la mhogo unakutana na maji. Je, chini ya msingi waliweka kizuizi chochote cha unyevu?

#5 Mkaa Melaque

Ahsanteni. Nimeonja, Fundi, mbele ya mke wangu, ambaye sasa ana shaka na akili zangu. Ni chumvi yenye uchungu kidogo mwishoni. Nguzo hazina nyufa. Kizuizi cha unyevu sikijui. Nyumba ilijengwa 1998 na sisi tuliinunua 2014.

Mpima, jambo moja linanitatiza. Ukuta mbovu kuliko wote ni wa katikati ya nyumba, kati ya sebule na chumba cha kulala, usioelekea bahari wala mvua. Hilo linaua hoja ya upepo wa bahari, lakini kama ni ardhi, mbona jirani amesalimika ilhali ziwa ni lile lile?

#6 Mtoto wa Shela

Mnalijadili tatizo hili kana kwamba limezaliwa juzi. Lamu tuna nyumba za mawe ya matumbawe zilizosimama karne kadhaa, ardhi ina chumvi, hewa ina chumvi, na kuta zake ni nene kuliko mikono yenu. Siri ni chokaa. Chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe inapumua. Unyevu unaingia na kutoka bila kufungiwa, na plasta yake ni laini kuliko jiwe, kwa hiyo kinachoharibika ni plasta na si ukuta. Saruji ni ngumu na imeziba. Wazee wa Meksiko nao walilijua hili: walipaka chokaa waliyoichanganya na ute wa mpungate ili ishike vizuri. Chokaa hiyo unaweza kuipata hata dukani kwa mangi wa huko, maana ni ile ile ambayo akina mama wanachemshia mahindi kabla ya kuyasaga kwa ajili ya tortilla.

#7 Fundi wa Kisauni

Ndugu wa Shela, kwa heshima yote, nyumba za Lamu nazo humenyuka upande wa chini. Tofauti ni kwamba watu wa huko walizoea kurudia plasta kila baada ya miaka kadhaa na hawakuita hilo ugonjwa. Chokaa haiondoi chumvi, inakubali kuharibika badala ya ukuta. Mwenye uzi akiipaka leo akitarajia miujiza, Novemba ijayo atarudi hapa kututukana.

#8 Mtoto wa Shela

Kuhusu kurudia, nimekubali. Kuhusu saruji, bado sijakubali.

#9 Wa Kahama

Wakuu, mimi ninawasoma nikiwa Kahama. Wengine tunatafuta nyumba moja, nyinyi mnalalamika ya pili imetoa chumvi. Endeleeni, sisi tupo na mchwa wetu.

Halafu nilisikia mgeni haruhusiwi kumiliki nyumba pwani ya Meksiko. Mkaa, unapaka rangi nyumba ya nani?

#10 Mama Theluji

Wa Kahama, umenichekesha. Ni hivi: katiba yao ya 1917, ibara ya 27, inamzuia mgeni kumiliki ardhi moja kwa moja ndani ya kilomita 50 kutoka pwani na 100 kutoka mpakani. Kwa hiyo benki inashika hati kwa niaba yako kwa mkataba wa miaka 50 unaoweza kuongezwa, nawe unalipa ada kila mwaka. Wewe ndiye unayekaa, unayeuza, unayerithisha, na kwa bahati mbaya wewe ndiye unayepaka rangi. Benki haijawahi kuniuliza kuhusu salitre.

#11 Muuguzi Mstaafu

Mimi nipo Houston na ninakwenda La Manzanilla kila Desemba, mwendo mfupi tu kaskazini ya Mkaa. Kabla hamjamaliza kuonja kuta, acha niseme ya mwilini.

Maji yaliyotuama ndani ya mabomba miezi saba, yakipashwa na jua kwenye tangi jeusi la juu ya paa, ni makazi mazuri ya bakteria wa Legionella, na mtu huyavuta kwa mvuke wa bafu. Siku ya kwanza toa kichwa cha bafu, fungua madirisha, achia koki zote zimwage maji kwa muda, nawe ukae nje. Tangi lisafishwe kabla ya kujazwa. Mabomba ya kutolea maji machafu pia hukauka yale maji yanayokaa kwenye kona yake, ndipo mende na harufu vinapanda. Mwaga maji kila tundu, na siku ya kuondoka ongeza vijiko vichache vya mafuta ya kupikia juu ya maji hayo ili yasikauke upesi.

Na kung'uta viatu. Nge wa pwani hiyo ni wa jamii ya Centruroides, mdogo, rangi ya majani makavu, na sumu yake si ya mchezo, hasa kwa watoto. Nyumba iliyofungwa ni msitu kwake.

#12 Baharia Mkongwe

Muuguzi, kwa nge mimi ninatembea na jiwe la nyoka. Unachanja kidogo, unabandika, linavuta sumu yote.

#13 Muuguzi Mstaafu

Baharia, jiwe hilo libaki kwenye kumbukumbu zako. Usichanje, usinyonye. Osha, tulia, nenda kituo cha afya mara moja. Meksiko wanatengeneza dawa ya kuua sumu hiyo, na vituo vya mikoa yenye nge wengi vimezoea kuitumia. Ukiona ulimi unakuwa mzito, mate yanazidi au koo linakaba, usingoje jiwe.

#14 Mpima Udongo

Turudi ukutani, maana kuna jambo ambalo mimi mwenyewe sikulisema vizuri. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Pwani ya Jalisco mvua ni kuanzia Juni hadi Oktoba. Miezi hiyo chumvi ya ukutani inakuwa imeyeyuka, ukuta ni mbichi lakini hauonyeshi unga. Novemba hewa inakauka, chumvi inaganda, unga unatokea. Kwa maneno mengine, Mkaa, unga hautokei kwa sababu ulifunga nyumba. Unatokea siku zile zile unazofika. Ungekuwa unarudi Agosti ungeona madoa meusi ya unyevu tu na ungeanzisha uzi mwingine kabisa.

#15 Mama Theluji

Hapo umenigusa. Lakini basi kwa nini kufungua madirisha kulinisaidia? Kama hewa ya Julai imejaa maji, mama yule anaponifungulia madirisha si anayaingiza ndani?

#16 Mpima Udongo

Swali zuri kuliko jibu nililo nalo. Ukifungua mchana wa joto hewa nzito inaingia na kugusa sakafu iliyopoa, hapo unaongeza unyevu. Ukifungua jioni penye upepo, unaweza kupunguza. Inategemea mama yako anafungua saa ngapi.

#17 Mama Theluji

Anafungua saa anayotaka, na simwulizi.

#18 Baharia Mkongwe

Mbona hamtaji mashine ya kukausha hewa? Wekeni moja, iachwe ikifanya kazi, bomba lake limwagie maji kwenye sinki. Tatizo tu ni kwamba shirika la umeme, CFE, mkizidisha matumizi mwezi mmoja wanawaondolea ruzuku na kuwapandisha daraja la matumizi makubwa.

#19 Mkaa Melaque

Baharia, kidogo tu nikurekebishe: haliangaliwi kwa mwezi mmoja. Wanachukua wastani wa miezi 12 iliyopita, na ukipita kikomo cha eneo lako ndipo unapoingia daraja hilo wanaloliita DAC, na hutoki mpaka wastani ushuke. Kwa sisi wa msimu, miezi ya nyumba tupu ndiyo inayotulinda. Mashine ikifanya kazi miezi saba mfululizo, ulinzi huo unakwisha, na umeme ukikatika kwa kimbunga mashine inakuwa pambo.

Kimbunga kimenikumbusha. Jana nilikaa na jirani kibarazani nikamuuliza waziwazi siri ya ukuta wake. Alicheka sana. Kumbe kila Oktoba, kabla wapangaji wa majira ya baridi hawajafika, anakwangua, anapiga brashi ya waya na kupaka upya. Mimi huja Novemba nikauona ukuta wa wiki tatu. Kwa hiyo ule ushahidi wangu mkuu wa namba 1 ninauondoa, kwa aibu.

Akaongeza jingine. Kimbunga Jova kilipotua hapa Oktoba 2011, maji yaliingia nyumba hizi, kwangu yalifika magotini, na kwake yaliishia chini kwa sababu sakafu yake imeinuliwa ngazi mbili. Aliyeniuzia hakunitajia hilo.

#20 Fundi wa Kisauni

Basi sema hivyo tangu mwanzo! Maji ya ziwa yaliyochanganyika na ya bahari, yakikaa ndani siku kadhaa, yanajaza chumvi kwenye tofali kama nyama ya kukausha. Ninabaki na mchanga wangu wa ufukweni, lakini mafuriko hayo ninayapa nusu.

#21 Mtoto wa Shela

Kuna pia tetemeko la tarehe 9 Oktoba 1995, la ukubwa wa 8.0, lililoangusha majengo Manzanillo na kuleta wimbi la bahari hadi Melaque na Barra de Navidad. Nyumba ya 1998 imejengwa baada ya hapo. Juu ya nini? Kama kiwanja kilijazwa kifusi cha majengo yaliyoanguka, kifusi hicho kina saruji, chokaa na chumvi ya kutosha ukoo mzima. Sisemi ndivyo, ninasema uliza.

#22 Mpima Udongo

Tumefika kwenye matetemeko na bado hakuna aliyepima. Mkaa, chukua vipande vya nailoni ngumu, vya kiasi cha karatasi ya kuandikia, vibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne visipitishe hewa: kimoja chini ya ukuta mbovu, kimoja juu yake, kimoja kwenye ukuta wa nje. Subiri siku kadhaa. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa chumbani, ni wa hewa ya ndani. Wakati huo usioshe chumvi kwa maji, maana unairudisha ndani. Ipige brashi ikiwa kavu, ifagie, itupe nje. Na usiruhusu mtu akuletee asidi ya kusafishia vigae, inaongeza chumvi ya aina yake.

#23 Mkaa Melaque

Nimebandika. Mke wangu anasema sebule sasa inafanana na wodi.

Wakati nikisubiri niliteremka Barra de Navidad nikanywa tuba, utomvu wa mnazi wanaouchanganya na karanga na vipande vya matunda. Kwa mtu wa Tanga hilo ni tembo tamu lililovaa nguo za sikukuu. Msafara wa Mhispania Legazpi wa kwenda Ufilipino uliondokea bandari hiyo Novemba 1564, na ugema ulikuja upande huu na Wafilipino waliofuata njia hiyo ya bahari. Paa la kibanda nilipokaa lilikuwa la makuti, na mgema alikuwa amekata vidato kwenye mnazi vilevile kama kwetu.

#24 Wa Kahama

Kwa hiyo chumvi tumeiacha, sasa tunakunywa.

#25 Mkaa Melaque

Siku tisa zimetimia, na hapa ndipo Mpima anisaidie. Chini ya ukuta wa katikati matone yapo nyuma ya nailoni, mengi. Juu yake, karibu na swichi, hakuna kitu pande zote mbili. Kwenye ukuta wa nje, wa chumba cha kulala, matone yapo upande wa chumbani, na nyuma kumekauka kabisa.

#26 Mpima Udongo

Chini ni ardhi. Ukuta wa nje ni hewa yenu na pumzi zenu. Penye swichi, chumvi ilipelekwa na rangi ya kuzuia maji na sasa imeachwa hapo bila maji.

#27 Fundi wa Kisauni

Au penye swichi ni mchanga wa ufukweni, ambao hauhitaji maji ya ardhini kutoa unga, kama nilivyosema namba 2.

#28 Mama Theluji

Na ukuta wa hewa na pumzi ni nani aliyesema madirisha yafunguliwe?

#29 Mkaa Melaque

Nimeamua hivi. Ukuta wa katikati nitaubandua lipu hadi tofali, kimo cha mita moja na robo, niuache uchi hadi Februari ukauke, kisha nusu moja nipige lipu ya chokaa kwa ajili ya Mtoto wa Shela, na nusu nyingine saruji na mchanga wa mto kwa ajili ya Fundi. Chumba cha kulala ninakiachia madirisha ya Mama Theluji, jioni tu. Novemba nitaleta picha.

#30 Muuguzi Mstaafu

Sawa. Na ukuta wa jikoni, nyuma ya jokofu, nako umebandika nailoni?

#31 Mkaa Melaque

Jokofu halijasogezwa tangu 2019. Nimelisogeza leo. Ngojeni kwanza nivae viatu.